Sakafu ya Kibibi

Ghalia ndiye aliyenieleza haya, kwa mdomo wake mwenyewe, Mfungo Sita uliopita, tumekaa kibarazani kwangu tunapembua mchele wa Maulidi. Alianza akicheka, akafika katikati hacheki tena, akabaki kuuzungusha ungo bila kupembua kitu. Yale ambayo yeye hakuyaona niliyapata baadaye kwa Kibibi, na Kibibi si mtu wa kutia chumvi.

Jumamosi ile Kibibi aliamshwa na mafagio. Si lile fagio moja la Miza alilolizoea, la kuondoa mchanga kabla ya kuanika dagaa. Haya yalikuwa mengi, yanasugua kwa hasira, na maji yanamwagwa ndoo baada ya ndoo. Alikuwa eda, mumewe Mahmoud udongo wake haujakauka, kwa hiyo hakuweza kutoka akatazama. Alisogea dirishani, akachungulia.

Nje, juu ya sakafu yake, vijana wa timu ya kikapu walikuwa wamekunja suruali wanasugua saruji kwa sabuni ya unga. Dagaa wa Miza na wenzake, waliochemshwa tangu alfajiri, walikuwa wamemwagwa pembeni juu ya mchanga mtupu. Kuku wa jirani walishapata habari.

"Najim," aliita.

Mwanawe, nahodha wa timu, alikuja mpaka dirishani. Urefu wake ulimlazimu ainame ili macho yao yakutane. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kasema dagaa wa watu wamwagwe mchangani?"

"Ami Humoud. Leo wanakuja wakaguzi wa ligi."

"Wanakuja wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

Najim aliitazama ndoo aliyoishika kana kwamba jibu limo ndani. "Ami atakueleza, mama," akasema, akarudi kusugua.

Sakafu ile ilikuwa mahari ya Kibibi. Mahmoud alipomwoa alimpa kile kiwanja cha ubavuni mwa nyumba mbele ya mashahidi, na mtaa mzima wa Dunda unajua. Baadaye akakimwagia saruji wapate pa kuanikia mbata. Mbata zilipokosa soko wakaja wanawake wa dagaa, na hicho kidogo wanachompa Kibibi ndicho kilichokuwa kikiwasha jiko tangu Mahmoud aondoke. Jioni, dagaa wakishazolewa, vijana walicheza kikapu. Magoli mawili ya chuma aliwasimamishia Mahmoud mwenyewe, alipochoka kuwaona wakirusha mpira kwenye ndoo iliyotobolewa kitako. Timu imezaliwa pale, ikanuka dagaa tangu siku ya kwanza, na haikumdhuru mtu.

Sasa ligi ya taifa ilikuwa inaongeza timu za mikoani, na Bagamoyo ilikuwa imetajwa. Lakini timu sharti iwe na uwanja wa nyumbani, na mwenye uwanja atamke kwa kinywa chake kwamba ameridhia utumike misimu mitatu mfululizo.

Hayo Kibibi aliyajua. Hakuambiwa na mtu wa nyumbani kwake. Aliambiwa na Miza, aliyeyasikia kwenye mnada wa samaki baina ya kapu na kapu. Wakakaa wawili jikoni wakayapima. Asubuhi sakafu ibaki ya dagaa, alasiri na kuendelea iwe ya mpira, na vijana waisugue wenyewe. Miza aliona inafaa. Kibibi naye moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, maana mtoto anayecheza kikapu usiku na mchana tangu akiwa na meno ya maziwa, umnyime wewe mama yake, uende wapi?

Kilichobaki ni kuulizwa tu. Na hapo ndipo pa kuudhi. Kila asubuhi Humoud, mdogo wake Mahmoud na mwenyekiti wa timu, alipita nje ya dirisha akasalimia, akauliza habari ya mkaa, akauliza habari ya sukari, akauliza hata habari ya paka, kisha akaenda zake.

*

Asubuhi ile pia alikuja. Kwa kuwa shemeji si maharimu, alisimama uani akaupa mgongo mlango wa jikoni, akasema na ukuta wa choo.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Nimeamshwa, shemeji."

"Ndiyo, ndiyo. Leo tuna wageni wakubwa kutoka Dar. Watakula hapa. Nimeleta kuku na mchele, Miza atakusaidia. Wewe tulia hapohapo jikoni, usihangaike kurudi chumbani."

Kibibi alingoja. Alimpa nafasi kubwa, ya mtu kupitisha swali hata kama swali lenyewe ni nene.

"Humoud, huna la kuniuliza?"

"La kukuuliza?" Humoud alifikiri. "Eh, lipo. Mdalasini mnao?"

Miza, aliyekuwa anachagua mchele, aliinamisha kichwa mpaka mtandio ukaingia kwenye sinia.

"Tunao," alisema Kibibi.

"Alhamdulillahi," Humoud akasema, akaondoka na mwendo wa mtu aliyemaliza kazi ngumu.

"Bi Kibibi," Miza akasema, "mwite umwambie. Sema tu, nimekubali, lakini hivi na hivi."

"Nimwambie jibu la swali ambalo hajauliza? Mimi ndiye ninayeomba?"

"Dagaa wangu wako mchangani."

"Nimewaona."

"Kuku wanakula mtaji wangu, Bi Kibibi."

"Nimewaona nao pia," Kibibi akasema, akavuta mbuzi akaanza kukuna nazi kwa nguvu ambayo nazi ile haikustahili.

*

Wageni walifika jua limekwisha kuwa kali. Walikuwa wawili, mkubwa wao anaitwa Bwana Shuaibu. Walipima sakafu, wakatikisa magoli, wakadundisha mpira pembe hadi pembe, kisha wakakaribishwa ukumbini. Baina ya ukumbi na jikoni palikuwa na mlango usio na ubao, uliofunikwa kanga kuukuu tu, na Kibibi alisikia kila neno kama wamekaa mapajani pake.

"Kama nilivyokueleza kwa simu," Humoud alikuwa anasema, "mwenye uwanja yuko eda. Haonekani. Lakini yuko hapo chumbani nyuma ya pazia, utamsikia kwa masikio yako."

Kibibi aliacha kukuna. Alijitazama mikono, imejaa machicha.

"Mama, asalamu alaikum," alisema Shuaibu. "Pole sana kwa msiba."

"Waalaikumu salamu," pazia likajibu, kisauti chembamba cha bibi harusi.

"Wewe ndiye Bi Kibibi binti Alawi?"

"Inshallah," lilisema pazia.

Miza alijiziba mdomo. Kibibi hakucheka. Sauti ile aliijua, hata ikijikunja namna gani: Ghalia, mke wa Humoud. Na kile chumba chenye pazia ni chumba chake yeye. Maana yake Ghalia alikuwa amekaa juu ya mkeka wake wa eda, pamoja na udi wake wote na mafuta yake ya nywele.

"Mama, umeridhia timu iutumie uwanja wako misimu mitatu?"

"Nimeridhia, inshallah."

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni, inshallah."

"Nimesikia harufu ya dagaa pale. Wale akina mama wanaoanika wataendelea?"

Nyuma ya pazia mtu alijikohoza. Humoud akadakia. "Hao hawataendelea. Ni wapita njia tu, marehemu aliwaonea huruma."

"Mama?"

"Hawataendelea, inshallah."

Miza aliushusha mkono kutoka mdomoni. "Bi Kibibi," alinong'ona, "mimi ni mpita njia?"

Kibibi aliinuka. Alijifuta mikono, akajifunika vizuri shuka yake nyeupe, akasogea mpaka kwenye ile kanga ya mlangoni, akasimama nyuma yake.

"Huyo siye mimi," alisema.

Hakupaza sauti. Aliyasema kama mtu anayemwambia muuza duka kwamba chenji haikutimia.

"Samahani," Shuaibu akasema, "nani anayezungumza?"

"Kibibi binti Alawi. Niko jikoni, nakuna nazi ya chakula chako."

Humoud alicheka, kicheko kikavu. "Bwana Shuaibu, usimjali huyo. Ni jamaa yetu. Msiba umemchanganya kidogo, maskini, tunamwuguza."

Kibibi alikuwa amevumilia mengi tangu Mahmoud afe. Alivumilia watu kugawa nguo za mumewe kabla hajaomba, alivumilia kuambiwa alie kidogo na kuambiwa alie zaidi. Lakini hili la kuuguzwa lilimshinda. Na uchungu wake ni kwamba mtu aliye nyuma ya kanga akisema sikuchanganyikiwa, ndipo anaposikika kachanganyikiwa kwelikweli.

"Mama wa chumbani," Shuaibu akasema, sauti inaanza kuchoka, "hebu niambie tena. Wewe ni nani?"

Ghalia aliniambia kwamba pale alitamani sakafu ipasuke. Lakini alikuwa ameshaingia, na mumewe anakohoa kikohozi cha kumsukuma.

"Mimi ndiye," alisema. "Inshallah."

"Na mama wa jikoni?"

"Mimi ndiye."

Shuaibu alivua kofia akajipepea. "Nimekagua viwanja vingi nchi hii," alisema. "Vingine havina mwenyewe. Hiki kina wenyewe wawili, na wote hawaonekani." Mwenzake akacheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. "Nahodha, si ulinipokea kule nje ukaniambia wewe ni mtoto wa mwenye uwanja? Basi tusichoshane. Mama yako ni yupi?"

Chini ya kanga palikuwa na uwazi, na katika uwazi ule Kibibi aliiona miguu ya Najim, ndani ya viatu vipya vya michezo alivyonunuliwa na ami yake. Kimoja kilisogea mbele, kikarudi.

Najim alijua akisema chumbani, ligi imeingia nyumbani. Akisema jikoni, ami yake ni mwongo mbele ya wageni, na timu ya mwongo nani ataichukua? Mama yake naye aliyajua hayo yote, kwa hiyo hakumsaidia. Alingoja. Sufuria la wali likachemka, likamwagikia mafiga, jiko likafoka moshi. Miza akaenda kuliepua, akalifunika, akarudi, na Najim bado alikuwa hajasema.

"Wa jikoni," akasema mwishowe, sauti ndogo kuliko mwili wake.

Chumbani mtu alianza kulia polepole.

"Haya," Shuaibu akasema. "Mama wa jikoni, niwie radhi. Basi nakuuliza wewe: umeridhia?"

"Wewe sikujibu, baba yangu," alisema Kibibi.

"Kwa nini tena?"

"Kwa sababu wa kwetu hawajaniuliza. Wewe umetoka Dar leo asubuhi. Hawa nalala nao nyumba moja, wengine wanapita dirishani kila siku. Mgeni atakuwaje wa kwanza kuniuliza juu ya mali yangu? Wao waniulize, niwajibu, wakuletee jibu."

"Mama, nafasi ni moja. Pangani wanaingoja kwa hamu. Jumatatu asubuhi nafunga."

"Mpaka Jumatatu muda upo tele. Sasa kaeni mle, wali umeungua kidogo chini, lakini juu ni mzuri."

Walikula. Shuaibu alisifu mchuzi mara mbili. Humoud alikaa mbele ya sinia anakanda tonge moja mpaka likawa gumu kama gololi, na halikwenda mdomoni.

*

Wageni walipokwisha kuondoka, Humoud alirudi uani, akaugeukia ule ukuta wake wa choo.

"Umenivua nguo, shemeji. Mbele za watu."

"Nimetaja jina langu tu."

"Mwenye eda hasemi na wanaume."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo ilivyo."

"Ulimuuliza shekhe?"

Humoud alikwangua ukuta kwa ukucha.

"Shekhe mwenyewe huja hapo dirishani kila Ijumaa, tunazungumza, na juzi tumecheka. Eda imenizuia manukato na barabara, Humoud. Kusema haikunizuia. Ungeuliza ungejua. Lakini kuuliza kwenu nyinyi kama kunang'oa jino."

"Basi nakuuliza sasa."

"Uliza."

"Unakubali, au unataka timu ife, na mji mzima ujue aliyeiua ni nani?"

"Hilo si swali. Hiyo ni fimbo."

"Lahaula," alisema Humoud, akaondoka bila kuaga, akapiga teke ndoo njiani, na ndoo ilikuwa na maji.

Ghalia alitoka chumbani anachechemea, mguu umekufa ganzi kwa kukaa. Macho mekundu, wanja umeshuka mpaka shavuni. Alikaa kwenye kibao cha jikoni kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Dada Kibibi, nisamehe. Aliniambia umekwisha kukubali, ila hutaki kusikika na wanaume. Nikaona ni kukubebea sauti tu."

"Na jikoni ni hapa. Usinyanyue miguu ukaniuliza?"

"Niliogopa utakataa."

"Kwa hiyo ulijua sijakubali."

Ghalia akalifikiria hilo, akaanza tena kulia.

"Na zile inshallah zote za nini?"

"Nilidhani nikitia inshallah haitakuwa uongo."

Kibibi alitaka kukasirika, lakini hasira yake ilikuwa imesimama foleni nyuma ya mambo mengine. "Na mkeka wangu sasa unanuka udi," alisema. "Kula. Ukimaliza ukalale huko huko, mimi siwezi tena kuulalia mpaka ufuliwe."

Ghalia alikula sana, kama watu wanavyokula wakishalia, akaenda kujilaza. Miza aliyekuwa nje akipepeta dagaa na mchanga alibeba kilichobaki, akachungulia mlangoni. "Kesho tuanike wapi, Bi Kibibi?"

"Pale pale."

"Hata kama—"

"Pale pale, Miza. Nenda kapumzike."

*

Kibibi aliswali adhuhuri, akatandika jamvi kwenye ubaridi wa jikoni. Nyumba ilikuwa imetulia, ila Ghalia, aliyekoroma kuliko ilivyotegemewa kwa mwenye sauti ile. Najim alikuja akakaa kizingitini. Amevua viatu.

"Ulikawia," mama yake alisema.

"Najua."

"Wali uliungua."

"Najua, mama."

"Ulikuwa unafikiri nini muda wote ule?"

Najim angeweza kusema aliona haya, au aliogopa. "Nilikuwa naifikiria ligi," alisema. "Nilikuwa naangalia kama naweza kuipata."

Lilimchoma Kibibi. Lakini lilikuwa jambo la kwanza la kweli kusemwa na mwanamume tangu asubuhi, akaliacha likae.

"Ami kazingua," Najim akaendelea. "Na mimi pia. Mimi ndiye niliyembebea Bi Ghalia mto." Akajikuna goti. "Mama, naomba nikuulize. Ile sakafu ni yako. Dagaa wakishazolewa, baada ya alasiri, utuachie tuchezee, misimu mitatu? Asubuhi ibaki ya Bi Miza na wenzake. Kusugua tutasugua sisi, kila siku, siyo siku ya wageni tu. Na wale dagaa wa leo tutawalipa. Ukikataa, nitakwenda kumwambia ami na vijana kwamba sakafu si yetu, basi. Sitasema umekataa."

Kibibi alikuwa ameegemea mkono. Mtoto alikuwa amelisema karibu neno kwa neno, kama vile alikuwa amekaa na wao siku ile yeye na Miza walipoyapima. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tayari limevaa, linangoja mlango tu. Akaliona sufuria pembeni, kitako chake cheusi, halijasuguliwa.

"Nimechoka," alisema. "Nikiamka nitakujibu."

"Mama, Jumatatu ndiyo—"

"Leo Jumamosi. Nikiamka."

Akajigeuza, akampa mgongo. Najim hakuondoka. Aliegemea kizingiti, miguu ameinyosha mpaka katikati ya ua, akaukodolea macho mgongo ule. Baadaye kidogo kichwa chake kililalia ubao wa mlango, mdomo ukafunguka, akaanza naye kukoroma, akiitikiana na Ghalia.

Kibibi aligeuka akamtazama. Alifikiri amwamshe amwambie, ayamalize. Kisha akaona, hapana, naye angoje. Akaivuta shuka mpaka begani, akaugeukia ukuta, akalala.